Maji Matamu, Maji ya Chumvi, na Viumbe Tusiowaona

Mama anapokata vitunguu vya kachumbari, akavinyunyizia chumvi na kuviweka kando kwa muda, hurudi akakuta maji yametuama chini ya bakuli. Hakuna aliyeyamimina. Na alasiri ya Ramadhani, anapoloweka zabibu kavu katika bilauri ya maji, hukuta baadaye zimevimba na makunyanzi yake yamekwisha. Mambo hayo mawili yaonekana kupingana, kumbe kanuni yake ni moja: penye utando mwembamba baina ya maji mawili, maji huvuka kuelekea upande ulio na chumvi au sukari nyingi zaidi. Kitunguu hukamuliwa na chumvi iliyo nje yake. Zabibu hunyweshwa na utamu ulio ndani yake. Wataalamu huiita kanuni hiyo osmosisi.

Tumeanza jikoni kwa makusudi, kwani yanayofanyika katika bakuli hilo ndiyo yanayowakabili usiku na mchana viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu, nao wamejaa katika bahari, hori, mito, visima na matangi yetu. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza sheikh ana nini na vijidudu. Jibu letu ni kuwa fiqhi tunayoisomesha vyuoni hufunguliwa kwa mlango wa maji. Mtoto hajajua nguzo za sala ila ameshahesabishwa maji saba ya kujitoharishia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Basi si ajabu tukiuliza ni nani wanaoishi ndani ya maji hayo, na wanaishi vipi humo. Kama tutakavyoona, kuna nyumba zilizopoteza watoto kwa kutolijua jambo hili.

Binadamu akioga baharini hanyauki kama kitunguu, na akioga mtoni havimbi kama zabibu. Ngozi humkinga kwa nje, na figo humpimia maji na chumvi kwa ndani. Kiumbe wa seli moja hana ngozi wala figo. Baina yake na maji yaliyomzunguka pana utando mmoja tu, mwembamba kupita kiasi, na maji huupenya apende asipende. Akiwa katika maji matamu, mwilini mwake mna chumvi zaidi kuliko nje, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma, na asipofanya jambo atapasuka. Akiwa katika maji makali ya chumvi, maji yake humtoka, na asipofanya jambo atakauka ilhali yumo majini.

Mtazameni parameciamu, kiumbe wa maji matamu mwenye urefu wa kama robo ya milimita, anayepatikana katika vidimbwi na madimbwi ya kawaida. Chini ya hadubini huonekana ana vifuko viwili, kimoja huku na kimoja kule. Kila kifuko kimezungukwa na mifereji midogo kama miale ya nyota. Mifereji hukusanya maji yaliyopenya na kuyatia kifukoni. Kifuko hujaa, kisha hujikamua na kuyatupa nje, na baada ya sekunde chache huanza tena kujaa. Ni mfano wa baharia aliyekaa ngamani na upo mkononi, akiyateka maji ya chombo kinachovuja. Hapumziki, kwani chombo hakiachi kuvuja. Katika muda usiofika saa moja, viumbe wengi wa namna hii huwa wamekwisha kutupa maji yenye ujazo sawa na mwili wao mzima. Hebu mtu afikiri kama angalilazimika kukamua nguo yake maji yenye uzito wake mwenyewe, kila saa, mpaka kufa kwake!

Mtaalamu akitia chumvi kidogo katika maji ya parameciamu, kasi ya vifuko hupungua, kwa sababu maji yanayopenya yamepungua. Akizidisha taratibu, hupungua zaidi. Viumbe wengi wa jamii hizi walio wa baharini hawana kifuko cha namna hiyo kabisa, maana bahari na miili yao viko karibu kulingana, na chombo kisichovuja hakihitaji upo. Lakini akiimimina chumvi yote kwa mara moja, kiumbe hunywea na kufa. Neno lililobeba mambo yote hapa ni taratibu. Kiumbe yule yule anayeuawa na chumvi ya ghafla huweza kuishi katika kiasi kikubwa cha chumvi akipewa muda wa kujizoeza.

Wanaoishi kandokando ya hori wanajua kuwa maji huko hayakai katika hali moja. Lita moja ya maji ya bahari huwa na kama gramu 35 za chumvi, yaani vijiko vya chai sita au saba. Katika hori ya Tudor, ambako mito ya msimu humwaga maji yake wakati wa masika, au Kipini, ambako mto Tana hukutana na bahari, kiasi hicho hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, kiangazi na mvua. Kiumbe wa seli moja aliyeko hapo huonja asubuhi maji karibu na ya bahari, na jioni maji karibu na ya mto.

Miongoni mwao wamo diatomu, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyojengewa nyumba za kitu cha jamii ya kioo. Chumvi ikizidi nje, wengi wao huchukua hatua mbili. Kwanza, kwa haraka, huingiza madini kama potasiamu ili uzito wa maji ya ndani ukaribie ule wa nje. Lakini madini hayo yakizidi hudhuru mitambo ya seli. Kwa hiyo hatua ya pili, inayokwenda polepole, ni kutengeneza vitu laini vinavyoyashika maji bila kudhuru, kisha madini hutolewa. Kimoja cha vitu hivyo, kinachotengenezwa na mimea mingi midogo ya baharini, kikivunjika hutoa hewa yenye harufu. Ile harufu ya bahari tunayoipata tukikaribia pwani kutoka bara, sehemu yake kubwa ni hiyo.

Lililotushangaza kuliko yote, hata hivyo, liko katika mabwawa ya chumvi, kama yale ya Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa yakaachiwa jua mpaka chumvi ikaganda. Mtu angesema hapo hapana uhai. Mnamo 1838 mtaalamu Mfaransa Michel Félix Dunal alichunguza ni kwa nini mabwawa ya namna hiyo kusini mwa Ufaransa hugeuka mekundu, akaona kuwa wekundu huo watokana na viumbe wadogo. Mwani wa seli moja aliyekuja kupewa jina lake, Dunaliella, huishi katika maji yaliyokaribia kushiba chumvi. Hana hata ukuta mgumu wa kumzuia asinywee. Chumvi ikiongezeka, hunywea kwa dakika chache kama kitunguu cha kachumbari, kisha huanza kutengeneza gliserini ndani yake. Ndiyo gliserini hiyo hiyo ambayo akina mama hupaka midomoni na miguuni kwa sababu huvuta unyevu na kuushika. Baada ya saa chache maji yamerejea mwilini na umbo lake limerudi. Mvua ikinyesha na chumvi ikapungua, huigeuza gliserini hiyo kuwa wanga akaiweka akiba. Na rangi yake nyekundu ni ya jamii ya ile iliyomo katika karoti.

Bahari ya Lut, ambayo wengi huiita Bahari ya Chumvi, ina chumvi mara kumi hivi kuliko bahari ya kwetu. Ilidhaniwa kuwa haina kitu hai ndani yake mpaka 1936, ilipothibitishwa kuwa wamo viumbe wadogo. Mwaka 1980, na tena mwaka 1992, mvua kubwa za majira ya baridi ziliyapunguzia ukali maji ya juu, na Dunaliella akachipuka kwa wingi. Baada yake wakaja viumbe wengine wa seli moja waitwao arkea, na maji yakaonekana mekundu. Arkea wa chumvi hawafuati njia ya gliserini. Wao huijaza miili yao potasiamu mpaka ndani kukalingana na nje, na kila kilichomo mwilini mwao kimeumbwa kufanya kazi katika ukali huo. Lakini wamejifunga. Ukiwatia katika maji matamu, hupasuka.

Akina mama wanaonunua ng'onda au papa wamewahi kuwaona arkea hao, ila hawakujua jina lao. Samaki aliyetiwa chumvi akihifadhiwa mahali penye joto na unyevu, huota utando wa rangi ya waridi. Chumvi iliwazuia wadudu wengine wote, ikawa karamu kwa hawa, ambao mara nyingi huja na hiyo chumvi yenyewe ya jua. Utando huo ni dalili ya samaki aliyeanza kuharibika, na muuzaji anayeapa kuwa ni rangi ya samaki tu asisikilizwe.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Watu wetu wana mazoea ya kuyahukumu maji kwa ulimi. Matamu huitwa mazuri, ya chumvi huitwa mabaya. Na wengine husema kinyume chake, kuwa chumvi huua kila kitu kwa hiyo kisima cha chumvi hakina neno. Hukumu zote mbili hazikusimama juu ya elimu. Kila maji yana wenyeji wake walioumbiwa kuishi humo. Tena fiqhi inapoyaita maji kuwa tohara, inatuambia kuwa yafaa kwa ibada. Haikusema kuwa hayana cha kumdhuru mtu.

Yuko amiba wa maji matamu aitwaye Naegleria fowleri. Maradhi yake yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na Malcolm Fowler na R. F. Carter huko Australia. Hupenda joto, hata la nyuzi 46, na hupatikana katika maziwa, mito, chemchemi za moto, na mabomba na matangi yasiyotiwa klorini ya kutosha. Yeye pia ana kifuko cha kutupa maji kama parameciamu, na hubadilika kwa namna ya ajabu: akijikuta katika maji yaliyopungukiwa na chumvi na chakula, huota mikia miwili akaogelea kutafuta mahali bora, kisha huiacha akarudi kutambaa. Mambo yakiwa magumu zaidi, hujifungia ndani ya ganda akangoja. Bahari haimo katika uwezo wake. Chumvi yake ni nyingi mno kwake.

Amiba huyu hana madhara akinywewa, wala haambukizi mtu kwa mtu. Hatari yake ni akiingia puani na kusukumwa juu, kwani kutoka hapo hufuata mishipa ya kunusia mpaka kwenye ubongo. Dalili huanza baina ya siku 1 na 12: kichwa kuuma sana, homa, kutapika, shingo kukakamaa. Wengi hufariki siku chache baadaye, na waliopona katika dunia nzima ni wachache mno.

Katika mji wa Karachi, Pakistan, madaktari walikusanya habari za wagonjwa 13 wa maradhi hayo katika miezi 17 ya mwaka 2008 na 2009. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na habari ya kuogelea. Waliobaki hawakuwa wameingia mtoni wala ziwani, na madaktari wakaelekeza shaka yao kwenye maji ya nyumbani yanayopandishwa puani wakati wa kutawadha. Marekani nako, katika jimbo la Louisiana mwaka 2011, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba kwa chombo maalumu, jambo ambalo halikuhusiana na ibada.

Hatusemi haya ili mtu auogope udhu. Maradhi haya ni nadra sana, na mamilioni ya Waislamu hutawadha mara tano kwa siku bila ya kudhurika. Lakini pwani yetu ni ya joto, na matangi ya plastiki meusi yanayokaa juu ya mapaa yakipigwa na jua mchana kutwa ndiyo makao ambayo amiba huyu angeyachagua. Majumba ya kale ya Lamu yalikuwa na birika zilizojengwa ndani ya kivuli, na samaki wadogo wakitiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu hawakuijua hadubini, ila walijua kuwa maji yaliyosimama yanahitaji mlinzi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa, kupandisha maji puani ni sunna, si faradhi ya udhu. Na kwa madhehebu yanayowajibisha, kinachotakiwa ni maji yafike puani. Kuyavuta kwa nguvu ni ziada iliyopendekezwa kwa asiyefunga, na aliyefunga hutakiwa kuiacha kwa kuchelea maji yasipite kooni. Ikiwa sharia imeiondoa ziada hiyo kwa ajili ya kuchunga funga, basi tuonavyo, kuiacha kwa ajili ya kuchunga uhai pale maji yanapotiliwa shaka kuna haki zaidi. Atakaye kuitimiza sunna kwa ukamilifu nyumbani, na achemshe maji, yatokote dakika moja nzima, yapoe, ayaweke katika kibirika chake cha pua. Matangi yafunikwe, yasuguliwe, yatiwe klorini kwa kipimo. Watoto wafundishwe kutovuta maji kwa nguvu puani, hasa wale wanaoshindana chooni nani atakayevuta zaidi. Nasi tunajua kuwa wapo.

Baadhi wametuuliza kama kijiko cha chumvi katika maji ya bomba chatosha kumuua. Hapana. Chumvi ambayo pua huweza kuistahamili haimuui papo hapo. Ni kuchemsha ndiko kunakoua.

Upande wa pili wa jambo ni kisima cha chumvi. Kisiwa cha Mombasa ni jiwe la matumbawe, na visima vikivutwa maji kupita kiasi, bahari hupenya chini kwa chini. Aliyezoea kisima kitamu huamka siku moja akaona chai yake ina munyu. Yuko bakteria aliyeumbiwa maji kama hayo, yasiyo ya bahari hasa wala ya mto hasa: ndiye wa kipindupindu. Makao yake ya asili ni milango ya mito na hori zenye vuguvugu, ambako hujishika kwenye miili ya vijidudu vidogo vinavyoelea. Chumvi ikizidi hutengeneza kitu cha kushikia maji, kama wenzake tuliowataja. Hali ikiwa mbaya hulala bila kufa. Huweza pia kuishi katika maji matamu kwa muda wa kutosha kuangamiza mtaa, hasa mafuriko yanapochanganya vyoo na visima, kama ilivyoonekana nchini wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Kwa kuwa bakteria huyo hupanda migongoni mwa vijidudu vikubwa kuliko yeye, mtaalamu Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijiji 65 vya Bangladesh kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Matokeo yalitangazwa 2003: kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Nguo kuukuu ilikuwa bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimechakaa zikasongamana. Leso ya pamba iliyofuliwa miaka na miaka yaweza kazi hiyo. Ila kuchuja ni nusu ya kinga tu. Aliye na kuni au dawa ya maji asiridhike na nusu.

Na kipindupindu chenyewe huua kwa kanuni ile ya bakuli la kachumbari. Sumu ya bakteria huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi, na maji ya mwili huifuata chumvi nje. Tiba yake nayo hupita mlango huo huo: sukari huisaidia chumvi kurudi ndani ya seli, na maji huzifuata. Pakiti za hospitali zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kwa kipimo kilichosawazishwa, mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo njiani akipelekwa hospitali. Chumvi isizidishwe, kwani ikizidi itayavuta maji kumtoa badala ya kumrudishia.

Limebaki swali la wenye visima vilivyogeuka. Maji ya kisima yaliyoingiwa na chumvi ya ardhini au ya bahari yangali tohara na yatoharisha. Udhu kwa maji hayo ni sahihi, na janaba pia, wala hapana haja ya kununua mitungi ya maji matamu kwa ajili ya sala. Ya kunywa yachemshwe. Na anayetawadha ufuoni kwa maji ya bahari yenyewe, yule amiba wa pua hana makao humo.